Walipofunga Anga, Mama Alikuwa Hajazikwa

Mpaka leo ndege ikipita juu ya Ngamiani, mtaa wetu hapa Tanga, huacha nilichoshika, hata kama ni mwiko na mafuta yanachemka. Si woga. Ni ule mshangao, haujanitoka.

Mama alifia kwangu, alasiri. Aliacha wasia mmoja tu, na alivyokuwa akiurudia hata majirani waliujua: mwanangu wa kiume ndiye anishushe kaburini. Mtu wa Tongoni yule, kijiji cha nje ya mji yaliko makaburi yetu, na kwao mwanamke hashushwi na yeyote tu. Hushushwa na maharimu wake, ndugu wasioweza kumwoa, na wa mbele katika hao ni mtoto aliyemzaa. Mtoto huyo ni mdogo wangu, yuko Muscat anaendesha gari la watu. Mimi mwanamke, makaburini siendi. Kwa hiyo wasia wote ulikuwa juu ya mabega yake.

Nilimpigia. Akalia, kisha akasema, "Dada, nakuja. Wakala ameniuzia tiketi sasa hivi, nimemwambia ni ya maziko, ndege ya usiku. Inapita Nairobi asubuhi, halafu Dar, na Dar kuna kindege cha kuja Tanga. Kesho alasiri niko Tongoni. Msimzike, dada."

Kwetu anayefariki alasiri huzikwa asubuhi yake, jua halijawa kali. Nami nilitaka iwe hivyo. Lakini mjomba, kaka yake mama, akasimama barazani mbele ya wanaume.

"Mpwa wangu, acha ushamba. Ndege siku hizi ni kama bodaboda. Makampuni yananyang'anyana abiria, nani atathubutu kumchelewesha? Mwenzake si atamchukua!"

Wanaume wakacheka, msibani pale. Mjomba alipanda ndege mara moja tu, alipokwenda Hija, na tangu aliporudi yeye ndiye mjuzi wa mambo ya angani mtaa mzima. Basi tukangoja.

Asubuhi waosha wakamwosha mama, wakamtia karafuu maiti, wakamvisha sanda. Wanaume wengine walishatangulia Tongoni kuchimba kaburi. Ilikuwa kaskazi, joto limekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Simu ikalia.

"Dada, wametuteremsha."

"Ushafika Dar?"

"Niko Nairobi. Wanasema ndege haiendi Dar. Imekatazwa."

"Imeharibika?"

"Nzima! Naiona hii hapa nje ya kioo. Serikali yetu imewakataza kutua kwetu."

"Kwani kuna vita?"

"Hakuna vita, dada. Kuna watu wamekasirikiana."

Nilikaa chini palepale mlangoni. Aliyenifahamisha ni mwenye duka la mbele, ambaye hushinda na redio sikioni. Alisema ndege yetu ya mizigo ilitaka kupakia mizigo kule kwao Nairobi na kuipeleka nchi nyingine, wao wakaikatalia. Wakubwa wa kwetu nao wakalipiza, wakazifungia ndege zao za abiria zisije Dar. Tena, akasema, tangazo lilitoka tangu jana.

"Kwa hiyo anga nalo lina geti?" akauliza mwosha mkubwa, bibi wa makamo ya mama.

"Lina geti, bibi. Na funguo ziko ofisini."

Wallahi nilidhani ananitania. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mpaka naujua. Najua gari kuzuiwa Horohoro, najua mtu kunyang'anywa sukari yake pale. Lakini juu? Kwenye hewa ya Mungu, ambako hakuna hata kigingi? Na kama tangazo lilitoka jana, yule wakala alimuuzia nini mdogo wangu?

Mjomba hakuyumba. "Hasira za majirani hizo. Jioni watapatana. Tusubiri alasiri."

Adhuhuri ilipopita, bibi mwosha akanishika mkono akaniingiza ndani. Akamfunua mama usoni. Pamba za puani zilikuwa zimelowa, na udi ulikuwa umeshindwa kazi yake.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "mama yako amechoka. Tumemsitiri tulivyoweza. Mkizidi kungoja mtamfedhehesha."

Nikatoka hadi kwa wanaume, kanga imeanguka begani, sikuijali. "Mzikeni mama yangu sasa hivi."

"Na wasia?" akauliza mjomba.

"Wasia uko Nairobi, unangoja ruhusa ya wakubwa. Beba jeneza, mjomba. Utamshusha wewe."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mjomba akakunja mikono ya kanzu, akaenda kushika jeneza.

Gari lilipoondoka nikampigia mdogo wangu, nikamwambia tumemtoa. Nikasikia mwanamke wa kwenye vipaza sauti anawatangazia watu safari zao, za kwenda kila mahali isipokuwa kwetu.

"Nani anamshusha?"

"Mjomba."

"Mwambie aweke mkono chini ya kichwa, dada. Mama shingo ilikuwa inamuuma."

Nikampigia mjomba, simu imezimwa. Nikampigia mwenye duka aliyefuatana naye, imezimwa pia. Kila mtu alikuwa amezima kwa heshima ya maziko.

Mdogo wangu alikuja na basi, kupitia Mombasa, akateremka kesho yake jioni amevimba miguu. Hakusalimia. Alimwendea mjomba moja kwa moja.

"Mjomba, uliweka mkono chini ya kichwa?"

Mjomba akanitazama mimi kwanza, ndipo akamjibu. "Niliweka, baba."

Sikumuuliza, wala sitamuuliza. Tulikuwa bado kwenye mkeka wa matanga redio ya dukani iliposema serikali mbili zimeelewana na ndege zimeruhusiwa. Wameelewana! Kama watoto waliogombania gololi.

Mimi wenye makosa nawataja. Majina yao siyajui, maana watu kama sisi hatupewi majina, tunapewa tangazo. Lakini viti vyao navijua. Ni yule aliyekaa kwake Nairobi akanyima ruhusa. Ni yule wa kwetu aliyelipiza bila kuuliza nani yuko njiani na anakwenda kwa nani. Na ni wakala aliyeuza safari ya mahali asipoweza kumfikisha mtu, akijua ni ya maziko. Mjomba nimemtoa kwenye hesabu hiyo, kwa sababu yeye aliingia kaburini. Wale wengine hawajaingia hata uani kwangu kutoa pole.

Arobaini ilipopita mdogo wangu alirudi kazini kwa tiketi ileile, kipande chake cha kurudi, ya kampuni ileile. Ndege ikatua Dar, ikamchukua. Akanipigia kabla hawajaondoka.

"Imekuja, dada," akasema. "Tena imewahi."