Walisema Nimenona

Kabla sijafungiwa ndani nilikuwa msichana wa kupanda milima. Kwetu ni juu ya Mkuyuni, shamba limelala ubavuni mwa mlima, ukidondosha kiazi unakifuata bondeni. Nilikuwa mweusi, mkavu wa mwili, na mbio zangu ziliwashinda wavulana. Nayasema haya mjue kwamba sikuzaliwa mgonjwa. Niliugua kwa kutengenezwa.

Nilipovunja ungo nilitiwa ndani, kama wasichana wote wa Kiluguru wa wakati ule. Mwali alikaa chumba cha giza mwaka, miwili, hata zaidi, bila kazi, bila jua, akilishwa ili anone na ngozi iwe nyeupe. Siku ya kutolewa alibebwa mabegani watu wamtazame, na ukoo wake ukajisifu au ukaona aibu. Mwali hasemi kwa sauti. Akitaka kitu hupiga makofi, na kungwi, yaani mwanamke anayemfunza, ndiye anayemwendea.

Kungwi wangu alikuwa Bi Mwanaidi. Alinipiga, tusifichane. Nikikataa uji alinibana pua, na mdomo ukifunguka anamimina. Nikitapika ananichapa fimbo za miguu, kisha anamimina tena. "Unataka kutuaibisha?" alikuwa akiniuliza, kila siku swali hilo hilo.

Mwaka wangu mambo yalizidi kwa sababu ya Wajerumani. Akida, aliyewekwa na boma kututawala, alipanda na askari wake akatangaza kwamba kwenye sikukuu ya mfalme wao kila bonde lipeleke mwali mmoja Morogoro. Bwana mkubwa wa boma angewatazama. Bonde la yule atakayependeza kuliko wote, wanaume wake hawataitwa kazi ya barabara msimu ule.

Sharti mjue barabara ilikuwa nini. Mjomba wangu alirudi kutoka huko kiboko kimemchana mgongo mpaka nyama inaonekana, na mama alikaa nyuma yake akimtoa funza kidondani kwa kijiti. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Alikuja mpaka mlangoni pangu, akasema akiwa amenipa mgongo huo huo.

"Kula, mwanangu. Kula utuokoe."

Basi nikala. Na ndipo nilipoanza kuugua. Kwanza nilichoka, mimi niliyekuwa nimekaa tu kitako. Moyo ulinigonga kifuani hata nikiwa nimelala. Nikiinuka macho yanaingia giza. Kisha ikanijia hamu ya udongo. Nilikwangua ukuta kwa kucha nikala, na nilipoishiwa kucha nililamba. Ulimi ukawa laini, midomo ikapauka. Halafu nikavimba. Uso ulianza, miguu ikafuata, ngozi ikavutika mpaka inang'aa.

Wanawake wakaja na taa kunikagua. Walinibinya mashavu na mapaja, wakapiga vigelegele. Mmoja akasema, "Ameiva huyu. Mwangalie alivyo mweupe." Mama alilia kwa furaha, maana tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunisifu sura. Nami nilifurahi. Nilinyoosha mkono kwenye upenyo wa ukuta, nikauona umejaa, nikauona mzuri. Mpaka leo jambo hilo linanitia hasira kuliko fimbo zote.

Siku moja pumzi zilinikatika kabisa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Bi Mwanaidi akaingia.

"Nakufa," nilimnong'oneza.

Alinizaba kibao. "Mwali hafi. Mwali ananona."

Sikukuu ilipofika nilipakwa mafuta, nikavishwa shanga, nikabebwa mabegani kuteremka Morogoro. Mbele ya boma bwana mkubwa alikuwa kitini pamoja na wageni wake, wanacheka, glasi mkononi. Tulipitishwa mbele yao mmoja mmoja. Mwali wa bonde la jirani alikuwa Mwanahamisi. Tulipokuwa wadogo tuliamia ndege pamoja kwenye mpunga. Alikuwa amevimba kunishinda, na midomo yake ilikuwa nyeupe kama yangu. Tulitazamana. Hakuna aliyeruhusiwa kusema.

Akida akamwelekezea fimbo Mwanahamisi. Ndiye.

Wanawake wetu walikuwa wamewaza wanaume wao, wana wao, barabara. Mmoja akapiga kelele kwamba Mwanahamisi kapakwa unga, akamvuta mguu ili amshushe. Basi vita vikaanza. Waliokuja na michi ya kuchezea ngoma walipigana nayo vichwani. Bi Mwanaidi alimng'ata mtu sikio, akalitema, damu ikamchuruzika kidevuni. Askari wakaingia na viboko, wakapiga bila kuchagua, mgongo, titi, uso, popote. Aliyenibeba alichapwa usoni, akaniachia. Nilianguka. Mtu alinikanyaga tumbo, mwingine mkono, nikasikia vidole vikivunjika.

Mwanahamisi alikuwa ameanguka karibu yangu, hakuna aliyemkanyaga. Alikuwa akitafuta hewa tu, haipati. Nilimshika kwa mkono wangu mzima. Moyo wake ulikimbia, ukajikwaa, ukasimama. Aliyeshinda alifia pale mavumbini, na nyuma ya wale waliokuwa wakipigana, wanawake wa bonde lake walikuwa bado wanampigia vigelegele.

Daktari wa boma aliitwa kuitazama maiti. Alipomaliza akageuka akaniona. Alinivuta kope la chini akachungulia. Akabonyeza muundi wangu kwa dole gumba, shimo likabaki kama kwenye unga uliokandwa. Msaidizi wake akatufasiria.

"Daktari anasema huyu hajanona. Haya ni maji. Damu hana. Ni safura."

Mjomba, aliyekuwa ameteremka nasi, akauliza, "Mbona anakula, bwana?"

"Yeye anakula, minyoo inamnyonya. Anakwenda wapi haja?"

Bi Mwanaidi akajibu kwa majivuno, kidevu bado chekundu. Alisema mwali hutolewa wakati wa magharibi kwa mlango wa nyuma, miguu mitupu, mpaka migombani. Mahali pale pale walipokwenda wanawali wote wa nyumba ile, tangu bibi yangu, ili mwanamume asiwaone. Daktari alisikiliza, akasema minyoo hiyo hukaa kwenye udongo uliochafuliwa na huingilia nyayo. Bi Mwanaidi akatema mate karibu na viatu vyake, akaondoka. Mjomba alibaki. Ndiye aliyesema nitibiwe.

Nililazwa. Nilinyimwa chakula, nikapewa unga mkali uliochoma kuanzia kooni, halafu chumvi ya kuharisha. Nilitapika nyongo mpaka hapakuwa na kitu. Nikahara damu, na ndani yake minyoo midogo kama nyuzi, mingi, mingine bado inajikunja. Walinishika mabega nisianguke kitandani. Baadaye walirudia dawa ile ile, nami nikawatukana wote kwa Kiluguru, sauti yangu yote, mimi niliyefundishwa kupiga makofi.

Kisha wakanipa vidonge vya kuongeza damu, choo kikawa cheusi. Wakanilisha maharage, mchicha, maini. Maji yakaanza kunitoka. Nilikojoa mchana na usiku, mashavu yakashuka, mapaja yakaisha. Uzuri wangu wote niliukojoa. Siku niliyovuka uwanja bila kupumzika, nilikaa chini nikalia.

Nilirudi kwetu kwa miguu yangu, nikapanda mlima wote. Mama alinitazama akajifunika uso kwa kanga. "Wamekuharibu, mwanangu." Wanaume hawakuwepo, walikuwa barabarani, na wanawake wengine walinigeuzia mgongo kwa sababu hiyo. Mjomba aliporudi, mgongo umefunguka upya, alikuja akakaa karibu nami. Safari hii alinitazama usoni. "Nilikuwa nalisha minyoo," alisema. Asubuhi yake alishika jembe akachimba choo, cha kwanza mtaani kwetu, akiwa hawezi hata kuvaa shuka kwa maumivu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari yule. Bwana mkubwa simshukuru, maana kiboko na dawa vilitoka boma moja, na kiboko kilifika kwetu kwanza.

Ninyi wenye binti, nisikilizeni. Chimbeni vyoo. Wavisheni viatu. Mtoto akila udongo msimcheke wala msimpige, mpelekeni hospitali. Mkimsifu binti, mvuteni kwanza kope mwone kama kuna damu. Na akisema anakufa, msimwambie anapendeza.

Binti zangu wote walichezwa unyago, mila sikuitupa, lakini mlango niliuacha wazi na jua likaingia. Walitoka wembamba, weusi, na ngoma nzima iliwacheka. Nilisimama pembeni nikiwatazama wanavyoruka na kuimba kwa sauti, na niliona wivu. Kama angeishi, siku hiyo Mwanahamisi naye angekuwa na binti wa kucheza.