Nundu ya Ndani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa binti bado, nauza chai na chapati Malaba, kando ya malori yanayongoja kuvuka mpaka wa Kenya na Uganda. Kaka yangu Wandera alikuwa utingo wa lori la saruji. Zamani hizo foleni ilikuwa foleni kweli. Dereva angeweza kuoa na kuachwa kabla hajafika getini. Kwa hiyo aliyelikaribia geti alilinda nafasi yake kuliko mzigo wenyewe.

Asubuhi hiyo Wandera alipanda juu kukaza turubai. Kamba ikakatika, akaanguka, kichwa kikatangulia. Tulikimbia, lakini kabla hatujamfikia alikuwa ameshakaa, anajipangusa vumbi na kuitukana kamba. Tukafanya ilivyo desturi pale: kila mmoja akampapasa kichwa kutafuta nundu. Hapakuwa na nundu. Opio, dereva wake, akacheka, akasema kichwa cha Msamia, cha watu wa kabila letu, ni jiwe. Mimi nikampa chai yenye sukari nyingi. Alikunywa nusu, akasema kichwa kinamgonga kidogo, akaenda kujilaza kivulini chini ya trela.

Baadaye alitapika, tukasema ni jua. Akaanza kukoroma, tukasema amechoka, mwacheni apumzike. Mtu akitaka kujidanganya, maneno hayamwishii. Nami sikuwa na wasiwasi wowote, sikufichi. Nilikuwa nakanda unga wangu.

Aliyetushtua ni Mzee Barasa, dereva wa lori lililokuwa nyuma yetu, mtu wa mvi tupu na maneno machache. Alikuja kunywa chai, akasikia ule mkoromo. Akaweka kikombe chini, akaingia chini ya trela, akamfunua Wandera macho kwa kidole. Mboni moja ilikuwa ya kawaida, nyingine imepanuka. Akamwita, akamfinya. Wapi.

"Huyu alianguka?" akauliza.

"Alianguka asubuhi, Mzee," nikasema. "Lakini hakuvimba. Tulimpapasa."

"Nundu ya nje unaipapasa, binti yangu. Ya ndani utaipapasaje?" Kisha akamgeukia Opio. "Mnangoja nini?"

Opio akajikuna shingo. "Mzee, gari imebaki kidogo tu tufike kwa geti. Tukitoka hapa, tunarudi nyuma kabisa."

"Nyuma ya foleni mtu anarudi. Huko anakokwenda huyu, nani umemwona akirudi?"

Hakupandisha sauti. Angepiga kelele, labda tungebishana naye. Opio aliinamisha kichwa, na mimi nikauacha unga wangu. Mzee Barasa akasimamisha pikapu iliyokuwa ikirudi tupu upande wa Kenya, tukampakia Wandera, tukaenda mbali mpaka hospitali yenye mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, hiyo watu wanayoiita skani. Lori lake mwenyewe Mzee aliliacha pale pale. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini siku ile niliona kwamba huumiza hata ubongo.

Daktari alituonyesha picha. Damu ilikuwa imejikusanya chini ya fuvu, na ubongo wenyewe umevimba. Alitueleza hivi: mguu ukivimba, ngozi hutanuka; lakini fuvu halitanuki, kwa hiyo ubongo ukivimba hauna pa kwenda, unajikaba wenyewe. Walimwinua kichwa kitandani, wakamtia kwenye mshipa dawa ya kuupunguza uvimbe, wakampeleka kupasuliwa. Waliitoa ile damu, wakaondoa na kipande cha mfupa wa fuvu ili ubongo upate nafasi.

Mama alipofika kutoka kwetu Masaba, swali lake la kwanza lilikuwa: huo mfupa mmeutupa wapi? Kwetu mtu huzikwa na viungo vyake vyote. Daktari akauchukua mkono wa mama, akauweka juu ya tumbo la Wandera. "Uko hapa, mama. Tumeuhifadhi chini ya ngozi yake mwenyewe. Uvimbe ukiisha, tutaurudisha kichwani." Tangu hapo mama aliupapasa kila asubuhi, ndipo akaweza kula.

Wandera alipona, na mfupa wake ukarudi mahali pake. Lakini chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kaka yangu alikuwa mkalimani wa foleni nzima: Kiswahili, Kiteso, Kidhopadhola, Kijaluo, hata Kiingereza cha kubembelezea maofisa. Alipoamka, alikuwa na Kisamia peke yake, tena kile cha mtoto mdogo. Opio alikuja kumwona, akamsalimu kwa Kiswahili walichotaniana nacho njia nzima. Wandera alimtazama kwa adabu, kama mgeni, kisha akaniuliza mimi kwa Kisamia: "Huyu anasema nini?" Opio alitoka nje akalia. Mimi sikulia siku hiyo. Nililia mwaka uliofuata, sokoni, bila sababu.

Siku hizi mambo yameendelea. Juzi juzi nilimsindikiza jirani hospitali, nikamwona daktari msichana akimwekea mgonjwa juu ya kope ile mashine ya kutazamia mimba. Nikamuuliza, kwani kuna mtoto humo? Akacheka, akasema, "Hapana, bibi. Ubongo ukibanwa, mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho hunenepa, nasi tunauona." Nikamsifu. Ila mashine haina miguu, mwanangu. Haitatoka hospitali kumtafuta mtu aliyelala chini ya trela.

Basi shika hili. Mtu akigonga kichwa, usitosheke kwa kukosa nundu. Mwangalie mwenyewe. Akitapika, akisinzia ovyo, maneno yakimchanganyikia, maumivu yakizidi au mboni zikitofautiana, mpeleke saa hiyo hiyo, na usimwache peke yake eti apumzike. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema kweli, lakini hawakuwa wakizungumzia kichwa.

Mungu akupe jicho la kuona mapema na miguu myepesi kuliko yetu. Na siku utakayoanguka wewe, akuwekee karibu mtu atakayeacha kila alichonacho akubebe. Amina.