Bima Iliyoishia Mpakani

Adelfina wa Kabanga alikuwa na mdomo, tena mtamu. Alipoanza uwakala wa bima, hakuna mwendesha bodaboda pale stendi aliyemponyoka. Benedicto, mwenye ofisi aliyokuwa akiiuzia, alimsihi aende kwanza Mwanza akasomee cheti cha umahiri. Adelfina akacheka.

"Kaka Benedicto, watu hawa nimekua nao. Bima inauzwa kwa mdomo, siyo kwa karatasi!"

Benedicto naye, kwa tamaa ya wateja, akanyamaza. Laiti asingenyamaza.

Mteja wa kwanza wa Adelfina alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Protasi, naye mwendesha bodaboda. Alimwambia, "Ukimgonga mtu, Mungu apishe mbali, kampuni italipa fidia. Wewe endesha." Protasi akaamini bila kuuliza, maana dada huyo ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni utotoni, mama yao akiwa shambani.

Sasa, watu wa Kabanga wana mpaka, ila hawauoni. Shangazi kaolewa Burundi, kaburi la babu liko Burundi, harusi ni zile zile. Kuvuka ni kama kwenda kwa jirani kuomba moto. Ndiyo maana haikumjia Adelfina hata siku moja kumuuliza mdogo wake kama huwa anavuka, wala kumwambia kwamba bima ile inakomea mpakani, na anayevuka sharti aongezewe kadi ya njano, ile bima ya nchi jirani. Hakumwambia kwa sababu mwenyewe hakujua.

Protasi alikuwa akimrudisha shangazi kwake, ng'ambo, alipomgonga bibi mmoja aliyekuwa akitoka kanisani. Bibi wa watu akafariki. Protasi akawekwa ndani huko huko, na ikasemwa hatatoka mpaka ukoo wa marehemu ulipwe fidia.

"Mama, usilie," Adelfina alimwambia mama yao, Domisiana. "Ana bima. Nilimkatia mimi mwenyewe."

Kampuni ilimjibu kwa swali: "Dada, kwani hukumuuliza kama anavuka?"

Akaenda Mwanza kusoma, roho imemsinyaa. Na jambo lile la mpaka, jamani, lilifundishwa siku ya kwanza asubuhi, hata chai haijaletwa. Mwalimu alilipitia harakaharaka kwa kuwa ni jepesi. Wenzake wakaandika, wakafunua ukurasa mwingine. Adelfina alitoka nje, akaegemea ukuta, akalia kilio cha msibani.

Alifaulu, akarudi Kabanga. Mama alikuwa akimngoja mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kiko wapi hicho cheti?"

Domisiana hakujua kusoma. Alifuta mikono kwenye kitenge, akakipokea, akaupapasa muhuri wake kwa kidole. Miezi yote hiyo alikuwa akiwaambia majirani kwamba Protasi anachelewa tu kwa vile dada yake hajasoma, na maofisini hawamsikilizi mtu asiye na cheti.

"Mungu ni mwema," alisema, machozi yakimlengalenga. "Sasa umesoma, watakusikiliza. Hebu niambie, mwanangu, mwenzio atatoka lini?"

Adelfina alikuwa na jibu, na safari hii lilikuwa sahihi. Mdomo ndio ulikataa kufunguka. Mama akangoja, akamtazama bintiye akilia, akadhani ni furaha. Kisha akaingia ndani kumtandikia Protasi kitanda.