Barua ya Wakili Iliyokaa Kabatini

Mtaani kwao Tunduma, mwenye fomu ya Kiingereza alielekezwa kwa Yonasi Simbeye. Alikuwa karani wa wakala wa forodha kwa miaka kumi na tisa, na fomu za mizigo alizijaza bila kusita. Watu hawakujua kwamba alizijua kwa mazoea tu: mahali pa jina, mahali pa uzito, mahali pa sahihi. Kiingereza cha nje ya fomu zile kilimpita.

Mdogo wake Enesi aliolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, akawa raia wa Zambia. Aliponunua nyumba huko, alimwachia kaka yake karatasi zote, akasema yeye ndiye aliyesoma. Mkataba ukasainiwa, muuzaji, Mzee Amoni, akakabidhi funguo, wapangaji wakaingia. Wiki moja baadaye wakili aliyeandika mkataba akampa Yonasi barua ya kurasa mbili. Aliisoma mara tatu. Akatambua neno la kodi, neno la hati, na tarehe fulani. Angeweza kurudi kwa wakili kuuliza, lakini aliona haya. Akaiweka kabatini chini ya mashati, na Enesi alipouliza, akajibu kwamba yote yamekwisha.

Miaka mitatu baadaye Mzee Amoni akafariki. Haukupita muda, mwanawe mkubwa akawaambia wapangaji kwamba nyumba ni ya marehemu, kwani ndivyo hati inavyosema. Enesi akaenda ofisi ya ardhi akiamini kijana amekosea. Jina lake halikuwamo.

Siku hiyohiyo akavuka mpaka pamoja na binti yake, Atupele, wakamkuta Yonasi barazani.

"Kaka, ile barua ya wakili ilisemaje?"

Yonasi akaingia ndani, akaitoa, akampa. "Sijui," akasema. "Sikuielewa."

Enesi akampa binti yake. Atupele akaisoma na kuwaeleza: kodi ya uhamisho ilipwe, mkataba upelekwe ofisi ya ardhi, hati ibadilishwe jina, halmashauri iarifiwe. Mambo manne mepesi.

Wakili aliwaeleza kwamba sasa sahihi ya muuzaji lazima itoke kwa msimamizi wa mirathi, na mahakama ilikuwa imemteua mjane wa mzee, Mama Ketrina. Yonasi akaomba aende yeye. Alimkuta akichambua maharage, wanawe wamekaa karibu. Akaeleza kila kitu mbele yao kwa Kinamwanga, lugha ya nyumbani, hata lile la kujifanya anajua.

"Nitasaini," Mama Ketrina akasema. "Nyumba tuliiuza, na hela tulikula. Lakini mume wangu alikuuliza mara mbili kama umemaliza. Kwa nini ulimdanganya?"

Yonasi alikumbuka. Mara zote mbili alimjibu mzee kwa Kiingereza kwamba tayari, tena kwa sauti, watu wasikie. Akaomba radhi, akaondoka bila kuaga wale vijana.

Miezi saba ikapita ofisi hadi ofisi, safari hii Atupele akishika karatasi. Siku moja Enesi akamtumia kaka yake ujumbe kwamba hati imetoka. Yonasi alianza kuandika pongezi, akafuta, akaandika kwamba anaomba msamaha. Jibu lilikuja siku ya tatu: aje Jumapili, shemeji yake atachinja kuku.