Mama Alivyotangulia Kigamboni

Mama yangu ameishi Kinole maisha yake yote, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, na kwa miaka mingi safari yake ndefu ilikuwa kushuka Morogoro mjini kuuza mdalasini na ndizi. Dar es Salaam alishawahi kufika mara moja tu, kwenye msiba, wakati mimi nikiwa bado nanyonya. Alikwenda na kurudi akiwa katikati ya ndugu, na cha kusimulia hakubaki nacho zaidi ya vilio.

Mdogo wake wa pekee, ambaye mimi namwita mama mdogo, aliolewa Kigamboni, na hata mumewe alipofariki hakurudi mlimani. Zamani alikuwa anapanda kuja kututazama kila baada ya mavuno. Kisha presha ya macho ikamwanza, akaogopa kusafiri, na ikabaki simu. Kila Ijumaa baada ya swala walikuwa wanaongea mpaka salio la mmoja wao linakatika.

Siku moja mama alishuka mpaka kwangu Kilakala, Morogoro mjini, bila kutoa taarifa. Alikunywa chai yake taratibu, akamaliza, ndipo akaniambia anataka kwenda Kigamboni.

"Daktari amemwambia jicho moja limeshakwenda na la pili linalifuata," alisema. "Nataka anione kabla halijafika huko."

Mimi ni fundi wa majokofu na niliwahi kufanya kazi Dar kabla ya kuoa, kwa hiyo nilimwambia asiwe na wasiwasi, nitampeleka mwenyewe. Mke wangu hakuweza kuacha kazi. Tukamchukua binti yetu, aliyekuwa darasa la nne, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Mama alileta kiroba cha magimbi na mkungu wa ndizi. Nilijaribu kumweleza kwamba magimbi yanauzwa hata Dar. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyesema maji ya bomba ni sawa na ya chemchemi, nikakibeba kiroba.

Tulipanda treni ya umeme ya asubuhi. Kituoni mama alisimama mbele ya ngazi zinazopanda zenyewe, akawaangalia watu wanavyokanyaga na kubebwa, halafu akaenda kutumia ngazi za kawaida pamoja na mjukuu wake. Ndani ya treni kilichomuudhi ni mwendo. Alikuwa amekaa dirishani akitaka kuona watu wa huku chini wamelima nini, lakini kila alipoona shamba na kuuliza mahindi yale yamepandwa lini, shamba lilikuwa limeshapita na mimi sijajibu. Baadaye akaacha kuuliza. Akatoa simu yake ndogo ya kubonyeza akanikabidhi niitunze, maana alikuwa amesikia habari za vibaka wa Dar tangu ujana wake. Niliitia mfukoni.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Tukishuka treni tunakwenda Gerezani kupanda mabasi ya mwendokasi, tunashuka kituo cha Fire, tunabadilisha basi la kwenda Kivukoni, na pale Kivukoni tunavuka kwa pantoni. Nilimweleza mama mara mbili. Alikuwa anaitikia tu, nikajua hasikilizi.

Mpaka Fire tulifika vizuri. Basi la Kivukoni lilipokuja watu walikuwa wengi, nikawatanguliza mama na mtoto, nikainama kuchukua kiroba na mkungu. Nilipoinuka, kulikuwa na migongo ya watu mbele yangu, kisha milango ikafungwa. Kupitia kioo nilimwona binti yangu akinitazama macho yamemtoka. Mama alikuwa amenipa mgongo, anatafuta chuma cha kushika. Basi likaondoka.

Jambo la kwanza nililofanya ni kumpigia mama. Simu ikaita mfukoni mwangu.

Nikapanda basi lililofuata. Sikukaa, ingawa nafasi ilikuwepo. Kivukoni nilishuka nikitegemea kuwakuta wamesimama pale pale mlangoni, na sikuwaona. Nilimuuliza mlinzi kama ameona bibi mfupi mwenye khanga ya kijani na mtoto wa kike. Alijibu kwa upole kwamba mabibi wenye khanga wamepita wengi. Nikawaza kwamba labda wameshuka kituo cha nyuma wanisubiri, kwa sababu ndivyo ambavyo mtu yeyote angefanya. Nikarudi Posta ya Zamani na kiroba begani. Hawapo. Nikarudi tena Kivukoni, safari hii kwa miguu, nikikagua kila kivuli na kila benchi.

Nilitaka kumpigia mke wangu, nikaandika namba, nikaifuta. Ningemwambia nini? Nilikwenda mpaka kwenye jengo la abiria wa pantoni nikatazamatazama. Pantoni moja ilikuwa imefika katikati ya maji. Niliiangalia bila kuifikiria, kwa kuwa mama yangu anaogopa maji yasiyo na ng'ambo ya karibu. Mito yetu ya mlimani anaivuka kwa kuruka mawe, lakini bahari alikuwa ameshasema toka nyumbani kwamba atavuka akiwa amenishika mimi mkono. Nilianza kuuliza kituo cha polisi kiko upande gani.

Ndipo simu ikaita. Alikuwa mama mdogo.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Uko wapi mwanangu?"

Nilimwambia niko feri, na kwamba nimempoteza mama pamoja na mtoto.

"Mama yako yuko hapa anakunywa uji," alisema. "Anauliza magimbi yake yako wapi."

Nilikaa chini, juu ya kile kiroba. Mwanamke mmoja aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nashukuru.

Yaliyotokea niliyapata baadaye kutoka kwa binti yangu, kwa sababu mama hakuona kama kuna cha kusimulia. Basi lilipoondoka mtoto alianza kulia, akamwambia bibi washuke kituo kinachofuata wamsubiri baba. Mama akamuuliza baba anakwenda wapi. Kigamboni, akajibu. Na sisi je? Kigamboni. Basi, mama akasema, tutakutana huko huko. Kuazima simu ya mtu kusingesaidia, kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa na namba yangu kichwani. Siku hizi binti yangu anayo.

Waliposhuka Kivukoni mama alimfuata mwanamke aliyekuwa amebeba ndoo tupu, akamsalimia, akamuuliza kama anaishi ng'ambo. Anaishi. Mama akamwambia wazi kwamba ni mgeni, anatoka mlimani Morogoro, na mwanawe amebaki nyuma na mizigo. Mwanamke yule akawagongea kadi yake ya nauli pale getini, mama akafungua pindo la khanga akamrudishia nauli. Kwenye pantoni hakukaa. Alisimama katikati kabisa, mbali na kingo zote, amemshika mjukuu mkono kwa nguvu hata ukabaki na alama, amefumba macho anasoma dua. Aliyafumbua aliposikia mlango wa chuma unashushwa.

Ng'ambo walichukua bajaji. Mama alimwelekeza dereva mwenyewe: msikiti wenye tangi la kijani, halafu kushoto kwenye mashine ya kusaga, halafu nyumba yenye mpapai mlangoni. Dereva alimuuliza amekaa Kigamboni kwa muda gani. Kumbe miaka yote ile, katika simu za Ijumaa, mama mdogo alikuwa anamwelekeza njia ya kufika kwake, na mama alikuwa anaisikiliza.

Nilipofika niliwakuta barazani. Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya mkeka ameuelekea mwanga, na mama yuko mbele yake, magoti yao yanagusana. Jicho lililobaki lilikuwa linaona kwa pembeni tu, kwa hiyo mama mdogo alikuwa amemshika dadake kidevu anamgeuza.

"Sogea kidogo. Hapo hapo," alisema. Akamtazama kwa muda mrefu. "Umezeeka, dada."

"Basi niangalie vizuri," mama akamjibu, "maana kijana sitakuwa tena."

Wakacheka, kisha mama mdogo akaanza kulia akiwa bado amemshika kidevu. Binti yangu aliinuka akaja kusimama karibu nami. Niliwaamkia wote wawili nikaingia ndani kuweka mizigo, nikakaa huko jikoni zaidi ya ilivyohitajika.

Jioni, tukiwa tumeshakula, hasira ilinirudia. Nilimwambia mama kwamba alinitisha, kwamba angeshuka kituo kinachofuata angenisubiri, nami ningemkuta baada ya muda mfupi tu.

"Ningekijuaje ni kipi?" aliniuliza. "Mimi nilikuwa najua neno moja tu, Kigamboni. Ningeshuka kwingine ndipo ningepotea."

Mama mdogo akasema magimbi ni matamu, hajala ya namna hiyo tangu aache kupanda mlimani.

Muda wangu wa kukaa ulipokwisha, mama alikataa kurudi na sisi. Mimi na mtoto tulirudi Morogoro, na yeye akabaki wiki kadhaa. Kisha akanipigia kwamba kesho yake watapanda treni, yeye na mdogo wake. Nikasema nakuja Dar kuwachukua. Akasema nisifunge karakana bure.

Nilikwenda kuwapokea kituoni Morogoro na binti yangu. Abiria wengi walitoka kwanza, na mwishoni nikawaona, mama mbele kidogo, mama mdogo amemshika bega. Mama alianza kunieleza kabla hatujasalimiana sawasawa kwamba pale Fire walipisha mabasi mawili yaliyojaa wakapanda la tatu, na kwamba mdogo wake sasa haoni tena hata kwa pembeni ila mwanga anautambua. Alisema yote hayo kwa sauti ile ile moja.

Niliwatafutia gari mpaka Kinole. Mama mdogo alikaa huko mlimani, wakala, wakasali, wakagombana juu ya chumvi na juu ya nani alikuwa mtukutu utotoni. Vuli ilipokaribia alisema amekumbuka kwake, anataka kurudi. Mama akanipigia simu kuuliza treni ya asubuhi inaondoka saa ngapi.