Jiko la Chuma Ukutani

Mwezi wa saba huku kwetu, karibu na Nyaramba, ukungu huamka kwenye mashamba ya chai na kukaa hadi saa nne, kama mgeni asiye na haraka ya kwenda kwao. Naupenda mwezi huo, na nauogopa. Nauogopa kwa sababu ya baba. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, baridi ilimwingia kifuani akalazwa wiki mbili, na daktari akaniambia bila kuzunguka kwamba mzee wa umri ule hawezi kuivuka nimonia ya pili.

Tangu mama afariki, baba anaishi peke yake katika nyumba yake ya udongo, hatua chache chini ya nyumba yangu ya matofali. Kwa hiyo nilianzia kwake. Nikamweleza habari za jiko la chuma lenye mlango wa kioo, linalosukumwa ndani ya ukuta, linalokula kuni kidogo na kutoa joto jingi, moshi wote ukipandia kwenye bomba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaweka kiganja chake ukutani.

"Ukuta huu aliukanda mama yako," akasema. "Hautobolewi."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Niliondoka nikilibamiza lango, lakini kabla sijafika kwangu nilikuwa nimeshapata jibu. Sebuleni kwangu mlikuwa na meko ya ukutani niliyoyajenga kwa maringo niliporudi kutoka Nakuru baada ya kustaafu, meko ambayo hayakuwahi kufanya lolote ila kumeza kuni na kunitoa machozi. Jiko ningeliweka hapo. Baba angekuwa anapanda kuja kuota moto.

Nilikwenda Kisii mjini kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, nikamkabidhi kijiti nilichokikata kwa kipimo cha meko yangu. Akakitazama kijiti, akanitazama mimi.

"Mzee, umepima wapi? Hapo mbele ama huko nyuma?"

"Mbele."

"Hiyo kitu itakwama. Meko inapungua ikienda nyuma. Rudi nyumbani upime tena."

Nikarudi, nikaingiza kichwa ndani ya masizi, nikapima tena. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini, maana nilitoka mweusi mpaka kwenye nyusi.

Jiko lilipofika, tulikuwa wanaume wanne na halikutaka kunyanyuka. Tukakata migomba miwili, tukalaza vigogo sakafuni, na jiko likateleza juu ya utomvu wa migomba hadi ndani ya ukuta, taratibu, kana kwamba lilijua njia. Fundi alipanda juu ya paa akateremsha bomba ndani ya dohani. Akaziba nyufa, akaniamuru niwashe moto mdogo kwanza, madirisha wazi, mpaka harufu ya rangi iishe.

Siku ya tatu niliwasha moto wa kweli kwa visiki vikavu vya chai. Nitasemaje? Nyumba ilibadilika. Moto ulicheza nyuma ya kioo bila sauti, na joto likatambaa sakafuni, likapanda miguuni, likaingia hata chumba ambamo mke wangu hutundika nguo zisizokauka mwezi mzima. Nje ukungu ulikuwa umefuta miti yote. Nilijihisi naelea mahali pasipo na saa wala jirani. Nikasogeza kiti kizuri karibu na jiko, nikateremka kumwita baba.

Alikuja. Alifika barazani, akachungulia mlangoni, akalisifu jiko kwa maneno mengi kuliko kawaida yake. Lakini mguu wake haukuvuka kizingiti.

"Ingia, Tata."

"Naona vizuri hapa hapa."

Ndipo nilipoelewa, na nikatamani ardhi inimeze. Kwetu baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tunaita chinsoni, ile heshima yenye haya ndani yake kati ya mzazi na mtoto mkubwa. Niliijua tangu utotoni. Ila nilipokuwa Nakuru baba alikuja kunitembelea, akaingia, akala, akalala, nami nikadhani mambo hayo yamekwisha.

"Mbona Nakuru uliingia?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa ya heshima.

"Nakuru ilikuwa nyumba ya mwenye kupangisha. Hii ni yako. Kitanda chako kimo ndani."

Akashukuru kwa chai, akateremka kwenye baridi yake. Nilikaa mbele ya jiko lile zuri nikilichukia. Nilikuwa nimempashia joto kila mtu isipokuwa yule niliyemnunulia.

Wiki mbili hivi zilipita. Alasiri moja mvua ya mawe ilipiga, nami ilipopungua nikazunguka nyuma ya nyumba kuangalia kama maji yanapenya kwenye bomba. Baba alikuwa pale. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, chini ya ukingo wa paa, mgongo ameuegemeza kwenye matofali ya dohani, macho amefumba. Koti lake lilikuwa linafuka mvuke. Nikagusa tofali: lilikuwa na joto kama mkate uliotoka kuokwa.

"Nilikuwa napita tu," akasema bila kufumbua macho.

Kesho yake nikaegesha mabati pale na kuta mbili za mbao. Hakuuliza ni za nini. Kila saa kumi akawa anakuja, nami nikawa naketi ndani, mgongo wangu ukutani kando ya jiko, dirisha dogo likiwa wazi kidogo. Hapo ndipo alipoanza kunisimulia mambo ambayo hakuwahi kuniambia uso kwa uso: jinsi alivyomwogopa mama walipooana, jinsi alivyolia nilipopanda basi la Nakuru mara ya kwanza. Sikumwona. Nilimsikia tu, na joto lilikuwa letu sote.

Mwezi wa saba ulipita, na wa nane, na kifua chake hakikukohoa. Januari ikaja na jua lake. Chai ikawa inanyauka, mbwa wanahema kivulini. Saa kumi mke wangu alinikuta napanga kuni ndani ya jiko lile, jasho likinitiririka.

"Unataka kutupika?"

Nilikuwa nimesikia kigoda kikiwekwa chini upande wa pili wa ukuta.

"Leo kuna joto sana," baba akasema.

"Sana, Tata."

Nikangoja nisikie akiinuka. Hakuinuka. Nikawasha moto.