Nyuki Wamemwambia Mume Wangu Uongo

Bwana mtunza ukurasa, salaam. Jina langu lifiche, maana huku Sikonge gazeti husomwa kwa sauti mbele ya duka.

Mimi nilizaliwa vita ya Mjerumani ilipokwisha, hesabuni wenyewe. Kwetu ni Tabora mjini. Nimeolewa mara tatu, na msinionee huruma mapema.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani, anajipenda mpaka kioo kilimchoka. Nilitafuta pa kukaa moyoni mwake nikakuta amejaa mwenyewe. Nikapata faraja kwa jirani. Hakujua, talaka alinipa kwa kuwa sikuzaa. Wa pili alikuwa karani wa stesheni. Alinifundisha kusoma na kuandika, ndilo jema lake pekee, na akikasirika alikuwa akinigombeza kwa Kiingereza nisipate pa kujibu. Huyo naye nilimdanganya, naye hakujua. Na hao ndio waliojiita werevu.

Huyu wa tatu ni mrina asali. Mama alisema, "Mwanangu, kutoka kwa karani mpaka kwa mtu wa mizinga?" Alikuja mjini kuuza nta, akanikuta barazani kwa shangazi, akaniuliza, "Umekula?" Waume wawili walipita, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamfuata porini. Huyu nilimpenda, na sikumdanganya hata kwa jicho.

Sasa huku wanaamini mrina akiwa mwituni, mkewe akienda na mwanamume mwingine, nyuki watajua na watamuuma mume. Mwezi uliopita mume wangu alirudishwa kwa machela, uso umevimba, macho hayaonekani. Mwenzake mmoja aliniambia pembeni kwamba mwenge wa moshi wa kutuliza nyuki ulizimika akiwa juu ya mti. Nikamwambia, "Kaseme mbele ya watu." Akaangalia miguu yake. Mwanamume mzima, anaogopa kusema mwenge ulizimika.

Mama mkwe haondoki mlangoni. "Ungama, mkamwana. Taja huyo mtu, tufanye tambiko, yaishe." Warina wenzake hawataki kwenda naye tena mpaka nitaje. Nilidhani mume wangu atanitetea. Jana nilimpelekea uji, macho yameshafunguka, akageukia ukutani. "Taja tu," akasema. "Nitakusamehe." Iliniuma kuliko talaka zote mbili. Kwa waume niliowakosea sikuulizwa neno, na huyu niliyemtunzia uaminifu ndiye anayenisamehe.

Kikao cha kuamua jambo hili ni mwezi ukiandama. Nikikataa, narudi kwa mama na talaka ya tatu, na huyu mjinga bado nampenda. Nikikubali, nitapikia maisha yangu yote mtu anayeniona mzinzi.

Wasomaji, nipeni la kushika. Na mkisema niungame, basi mniletee na jina, maana nimewatazama wanaume wa kijiji hiki mmoja mmoja, na sioni hata mmoja ambaye mtu mwenye macho ataamini kwamba nilimtaka.